Programu ya kuandikia imekuwa nzito baada ya kusasishwa: mkosaji hutafutwaje?

Siku ya mwisho ya kutuma maombi ya kazi, steshonari za Kondoa mjini hujaa. Yupo aliyetoka Pahi na vyeti vyake kwenye bahasha. Yupo aliyeshuka kutoka Bereko na anataka kuwahi gari la kurudi. Yupo katibu wa kikundi anayehitaji nakala za katiba yao kabla ofisi za halmashauri hazijafungwa. Dada aliyekaa kwenye kompyuta anabonyeza herufi, anasubiri, ndipo inatokea kwenye skrini. "Mama, samahani, nivumilie kidogo. Tangu waisasishe juzi imekuwa hivi."

Uzito huo una gharama. Steshonari hulipwa kwa ukurasa na si kwa saa, hivyo kurasa zikipungua na mapato ya siku yanapungua. Kwa mteja, barua isiyochapwa leo huenda kesho haina kazi tena. Ndiyo maana watu hukimbilia uamuzi mkubwa: kufuta Windows yote na kuiweka upya, kununua kumbukumbu ya ziada, au kumwambia mwenye duka kwamba mashine imezeeka. Wakati mwingine uamuzi huo ni sahihi. Mara nyingi, hata hivyo, fedha hutoka kabla ugonjwa haujajulikana.

Katika makala haya tunaeleza jinsi mafundi wazoefu wanavyomtafuta mkosaji programu inapokuwa nzito baada ya kusasishwa. Njia yenyewe haihitaji shahada. Inafaa kwa kompyuta ya steshonari, na inafaa pia kwa simu uliyoishika mkononi unaposoma haya.

"Baada ya" na "kwa sababu ya"

Sasisho linapoingia, watu husema "wamebadilisha programu", kana kwamba kimebadilika kitu kimoja. Kwa kweli hubadilika vitu vingi kwa mpigo. Programu yenyewe ni mpya. Mipangilio yako huenda imerudi ilivyokuwa siku ya kwanza. Vile viongezo vidogo ulivyokuwa umeviambatisha viliandikwa kwa ajili ya toleo la zamani na sasa vinagongana na jipya. Nyuma ya pazia, kompyuta inapanga upya orodha ya mafaili yako ili yaweze kutafutwa, kazi inayoweza kuchukua saa kadhaa kwenye mashine dhaifu.

Zaidi ya hayo, kuna mambo yaliyobadilika wiki hiyohiyo na hayahusiani kabisa na sasisho. Printa imehamishiwa chumba kingine. Mteja ameleta faili lenye picha ishirini kubwa za simu. Umeme ulikatika na sasa kompyuta mpakato inafanya kazi kwa betri, kwa hiyo imejipunguzia nguvu ili isizime. Kwa hiyo swali la kwanza la fundi huwa: kuna nini kingine kilichobadilika siku zile? Akilisahau swali hili, anaweza kuhangaika na Windows siku nzima kumbe tatizo ni faili moja la mteja mmoja.

Kisa cha Vim, na uhusiano wake na Uganda

Kuna programu ya kuandikia inayoitwa Vim. Hutaikuta steshonari, kwa sababu si ya kuandikia barua. Ni ya waandishi wa programu, wale wanaoandika maelekezo ambayo kompyuta huyafuata. Aliyeitengeneza ni Bram Moolenaar, Mholanzi, aliyeanza kazi hiyo mwaka 1988 na kuitoa kwa umma mwaka 1991. Inatumika dunia nzima, na haiuzwi.

Lakini ukiifungua bila faili lolote, pale kwenye skrini ya mwanzo inaweza kukukaribisha kwa ombi la kuwasaidia watoto wa Uganda. Mwaka 1994 Moolenaar alijitolea kwa mwaka mmoja katika kituo cha watoto cha Kibaale, akisaidia upanuzi wa kituo na shughuli za maji na usafi wa mazingira. Kibaale hii ni mji mdogo wa kusini mwa Uganda, eneo la Rakai, karibu na mpaka wetu wa Kagera, na si ile wilaya ya Kibaale iliyo magharibi. Rakai ilikuwa miongoni mwa maeneo yaliyoumizwa vibaya na UKIMWI, na watoto wengi walibaki yatima. Tangu hapo, kwa anayetaka kulipia Vim, Moolenaar alikuwa na jibu moja: fedha hiyo ipelekeni Kibaale. Alifariki tarehe 3 Agosti 2023. Toleo la 9.1 lililotoka Januari 2024 liliwekwa wakfu kwa kumbukumbu yake.

Tunaitaja Vim kwa sababu nyingine pia. Agosti 2013 lilitoka toleo lake la 7.4. Ndani yake kulikuwa na mtambo mpya wa kutafuta maneno, uliotengenezwa ili uwe wa kasi kuliko ule wa zamani. Watu wakasasisha. Wengi hawakuona tofauti. Lakini baadhi yao, hasa waliokuwa wakiandika kwa lugha ya kompyuta iitwayo Ruby, walikuta kishale kinachechemea. Wanabonyeza kitufe cha kushuka chini, mstari unakuja kwa kuchelewa. Kitu kilichowekwa ili kuongeza kasi kikawa, kwao, ndicho kinachochelewesha.

Ajabu hiyo inaeleweka vizuri zaidi kwa mfano wa nyumbani.

Mbuzi amepotea milimani

Tuseme mbuzi wako amepotea huko kwenye vilima vya Irangi, na njia zimejaa panda. Njia ya kwanza ya kumtafuta ni kwenda wewe mwenyewe. Unashika kijia kimoja mpaka mwisho. Ukimkosa, unarudi kwenye panda ya mwisho, unashika kijia kingine. Kama panda ni chache, utampata upesi. Kama kila panda inazaa panda nyingine, utatembea mpaka jua lizame, na vijia vingine utavipita mara mbili.

Njia ya pili ni kukusanya vijana wa kijiji na kuwatuma kwenye vijia vyote kwa wakati mmoja. Hapo hata panda ziwe nyingi namna gani, hakuna anayerudi nyuma. Lakini kuwakusanya vijana, kuwapanga na kuwaelekeza nako kunakula muda. Kama mbuzi yuko nyuma ya nyumba tu, umewasumbua watu bure.

Mtambo wa zamani wa Vim ulikuwa ule wa mtu mmoja anayerudi kwenye panda. Mpya ni ule wa kutuma vijana wengi. Kwa utafutaji mgumu, mpya unashinda. Kwa utafutaji mwepesi unaorudiwa mara maelfu, ile kazi ya kukusanya vijana kila mara inajumlishwa na kuwa mzigo. Na Vim hutafuta mara maelfu kweli: kila mstari unaouona unakaguliwa ili maneno yake yapakwe rangi, jina rangi hii, namba rangi ile. Ukishuka mstari mmoja tu, ukaguzi unaanza tena.

Walijuaje kwamba mkosaji ni mtambo huo? Hapa ndipo lilipo somo lenyewe.

Hatua ya kwanza ilikuwa kuifungua programu ikiwa tupu, bila mipangilio ya mtumiaji na bila viongezo vyovyote. Ikiwa tupu na bado ni nzito, kosa liko kwenye programu yenyewe au kwenye mashine. Ikiwa nyepesi, kosa liko kwenye kitu kilichoongezwa. Jaribio hilo moja linakupunguzia nusu ya msitu wa kutafuta.

Ya pili, walizima kile kipengele cha kupaka rangi maneno. Wepesi ukarudi. Basi ni rangi.

Ya tatu, walipima. Toleo hilohilo la 7.4 lilikuja na amri ya kuonyesha kila kanuni ya rangi imetumia muda gani, na imeitwa mara ngapi. Badala ya kubishana, orodha ikatoka, na kanuni chache ndizo zilizokuwa zikila muda mwingi. Ya nne, walirudisha mtambo wa zamani kwa mstari mmoja wa mipangilio, maana Vim iliibakiza mitambo yote miwili ndani, na wakaangalia. Kishale kikaacha kuchechemea.

Hatua ya nne haifai kurukwa. Fundi akikwambia "tatizo ni hili", mwombe aliondoe mbele yako, uone wepesi ukirudi. Kisha alirudishe, uone uzito nao ukirudi. Kama uzito haurudi, basi hajakipata chanzo; huenda ilikuwa ni kuwasha upya tu ndiko kulikosaidia.

Kugawa nusu kwa nusu

Programu tupu ikiwa nyepesi, na una viongezo 16 vilivyoambatishwa, huna haja ya kujaribu kimoja kimoja. Zima vinane. Uzito umebaki? Basi mkosaji yumo kwenye vinane vinavyowaka. Umeondoka? Yumo kwenye vile ulivyozima. Chukua kundi lenye mkosaji, ligawe tena: vinne, viwili, kimoja. Majaribio manne yanatosha kwa viongezo 16, na matano yanatosha kwa 32.

Waandishi wa programu hutumia hesabu hiyohiyo kutafuta ni badiliko lipi kati ya maelfu lililoleta kasoro. Kati ya Vim 7.4 na 8.0, iliyotoka Septemba 2016, kulikuwa na marekebisho zaidi ya 2,000 yenye namba, moja baada ya jingine. Ukijua la kwanza lilikuwa zima na la mwisho lina kasoro, unajaribu la katikati. Kwa marekebisho 2,000, majaribio 11 yanakufikisha kwenye moja. Ni kama kutafuta ukurasa kwenye daftari la mahudhurio: unafungua katikati, unaona tarehe, unajua uende mbele au nyuma.

Njia hii ina sharti moja, nalo ndilo linalowashinda wengi: badilisha kitu kimoja tu, kisha jaribu. Fundi anayefuta antivairasi, anaongeza kumbukumbu na kuweka toleo jingine la Word mchana mmoja anaweza kweli kuiponya mashine. Ila hatajua kilichoiponya, na mwezi ujao ikirudia ataanza upya, na wewe utalipa upya.

Sasa turudi kwenye Word

Steshonari nyingi hutumia Word juu ya Windows. Anza na swali jepesi kuliko yote: je, ni mzito wakati wote au kwa faili moja tu? Fungua ukurasa mtupu, andika mistari mitano kwa haraka. Kama herufi zinafuata vidole, Word haina ugonjwa. Faili la mteja ndilo zito. Kwa kawaida utakuta picha zilizopigwa kwa simu na kubandikwa zikiwa na ukubwa wake wote. Zipunguze, faili litapumua.

Kama hata ukurasa mtupu ni mzito, fanya lile jaribio la programu tupu. Shikilia kitufe cha Ctrl huku unafungua Word, nayo itauliza kama unataka ifunguke katika hali salama. Kubali. Sasa andika. Kama imekuwa nyepesi, mkosaji ni kiongezo au kiolezo. Viongezo huja vyenyewe pamoja na programu nyingine: programu ya kutengeneza PDF hujipachika ndani ya Word, antivairasi hujipachika, programu ya skana nayo. Ingia kwenye mipangilio ya Word, tafuta orodha ya viongezo, kisha gawa nusu kwa nusu.

Kuna wakosaji wawili ambao watu hawawadhanii.

Wa kwanza ni printa. Word huuliza printa kuu ya kompyuta ukubwa wa karatasi na nafasi za pembeni ili ijue kupanga ukurasa. Kama printa hiyo iko kwenye mtandao na imezimwa, au ilihamishwa, au sasisho limeiteua printa nyingine kuwa kuu, Word inaweza kukaa ikisubiri jibu lisilokuja. Dawa ya majaribio ni rahisi: teua kwa muda ile printa ya kuchapa kwenda PDF iwe ndiyo kuu, ufungue tena. Ikifunguka upesi, mkosaji umemshika.

Wa pili anatuhusu sisi tunaoandika Kiswahili. Word isipoambiwa kwamba maandishi ni ya Kiswahili, huyakagua kwa kamusi ya Kiingereza. Karibu kila neno linapigwa mstari mwekundu, na programu inaendelea kutafuta mapendekezo kwa maneno ambayo hayana kosa lolote. Kwenye katiba ya kikundi yenye kurasa 20, makosa hayo ya uongo huwa mengi hadi Word yenyewe inatangaza kwamba yamezidi na haiwezi kuyaonyesha tena. Mashine yenye nguvu haijali. Mashine dhaifu huchoka. Chagua maandishi yote, weka lugha kuwa Kiswahili, au zima ukaguzi wa tahajia kwa faili hilo. Sasisho likirudisha mipangilio ya awali, itakubidi ulifanye tena.

Baada ya hapo, pima mashine yenyewe. Bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Dirisha litafunguka likionyesha ni programu ipi inatumia prosesa, kumbukumbu na diski kwa kiasi gani. Usiliangalie mara moja ukalifunga. Liache wazi huku unaandika, uone ni safu ipi inapanda kwenye asilimia 100 pale herufi zinapochelewa.

Kama ni diski, na sasisho limeingia jana, subiri kwanza. Huenda ni ile kazi ya kupanga orodha ya mafaili, au masasisho mengine yanayoendelea kushuka, pengine kwa bando la simu yako. Iache kompyuta ikiwaka usiku mmoja. Kama siku ya tatu diski bado imejaa, tazama kumbukumbu.

Kumbukumbu ni kama meza ya karani, na diski ni kama stoo. Meza ikiwa kubwa, karani anaweka majalada yote mbele yake. Ikiwa ndogo, kila dakika anainuka, anapeleka jalada hili stoo, analeta lile. Kazi haijaongezeka, ni safari za stoo ndizo zinazomchosha. Windows 10 ya biti 64 inataka kumbukumbu isiyopungua GB 2, na Windows 11 inataka GB 4. Kiwango hicho ni cha kuwaka tu, si cha kufanya kazi kwa raha. Kompyuta iliyokuwa ikienda vizuri na Windows 7 ikiwa na GB 2 itaanza safari za stoo mara utakapofungua Word na kivinjari kwa pamoja. Hapo kununua kumbukumbu ni matumizi yenye maana, na kubadilisha diski ya zamani inayozunguka kwa ile isiyo na kitu kinachozunguka ndani mara nyingi huleta tofauti kubwa zaidi. Sasa unanunua kwa kuwa umepima.

Kama vipimo vyote viko chini na bado kuna uchechemeaji, hakikisha kompyuta mpakato imechomekwa kwenye umeme na haiko katika hali ya kubana matumizi ya nguvu. Steshonari zinazotegemea sola hukutana na hili.

Na simu je?

Kwenye simu, programu ya kuandikia ni kibodi. Watu wengi hawajui kwamba kibodi ni programu inayojitegemea, inayosasishwa peke yake, mara nyingi usiku bila wewe kuulizwa. Kwa hiyo herufi zikianza kuchelewa, uliza swali lilelile: ni kila mahali au mahali pamoja? Andika ujumbe wa kawaida wa SMS, kisha andika kwenye WhatsApp, kisha kwenye sehemu ya kuandikia kumbukumbu. Kama uzito uko WhatsApp tu, kibodi haina kosa. Kama uko kote, kibodi au simu nzima ndiyo inayotafutwa. Weka kibodi nyingine kwa muda ujaribu.

Simu ya Android ikisasishwa mfumo wake mzima, huwa inapata joto na kuwa nzito kwa saa za mwanzo, kwa sababu inazitayarisha upya programu zote zilizomo. Ichomeke kwenye chaji, iache. Usiihukumu kabla ya siku kupita.

Ikipita siku na hali ni ileile, ingia kwenye mipangilio uangalie nafasi ya hifadhi. Simu iliyojaa pomoni huwa nzito hata isiposasishwa, na sasisho linakula nafasi zaidi. Video za makundi ya WhatsApp ndizo huwa zimeijaza. Anza na hizo kabla hujampelekea fundi.

Simu nyingi za Android nazo zina hali salama: shikilia kitufe cha kuzimia, kisha kwenye neno la kuzima linalotokea, bonyeza na kushikilia mpaka uulizwe kuhusu hali salama. Simu itawaka na programu ilizotoka nazo kiwandani pekee. Ikiwa nyepesi hivyo, mkosaji ni programu uliyoiweka mwenyewe, na unajua sasa jinsi ya kugawa nusu.

Tahadhari moja. Kufuta akiba ya muda ya programu hakuna madhara. Kufuta data yote ya programu ni jambo jingine kabisa. Ukifanya hivyo kwenye WhatsApp bila kuwa na nakala, ujumbe wako unaondoka, pamoja na picha ya risiti ya alizeti uliyoitegemea. Vivyo hivyo fundi anayetaka kuiflashi simu kabla hajajaribu lolote: muulize kwanza namba na picha zako atazihifadhi wapi.

Pale mtengenezaji anapopunguza kasi mwenyewe

Kuna tuhuma inayosikika sana vijiweni kwamba kampuni huzifanya simu za zamani kuwa nzito ili tununue mpya. Mara nyingi huwa ni dhana tu, lakini haikuzuka hewani. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba sasisho lake la mapema mwaka huo lilipunguza kasi ya baadhi ya iPhone zenye betri iliyochakaa, ikieleza kuwa lengo lilikuwa simu zisizime ghafla. Jambo hilo lilifichuka kwa vipimo: watumiaji walipima kasi, wakabadilisha betri, wakapima tena, kasi ikawa imerudi. Kampuni iliomba radhi na kushusha bei ya kubadilisha betri kutoka dola 79 hadi dola 29. Februari 2020 Ufaransa iliitoza faini ya euro milioni 25 kwa kutowaarifu wateja. Italia nayo, mwaka 2018, ilizitoza faini Apple na Samsung kwa masasisho yaliyoathiri simu za zamani.

Tazama kilichowapa watu haki. Malalamiko yalikuwepo kwa miaka. Kilichobadilisha mambo ni kipimo cha kabla na kipimo cha baada, na kitu kimoja tu kilichobadilishwa katikati.

Kurudi kwenye toleo la zamani

Inawezekana, na mara nyingine ndiyo njia ya haraka ya kuokoa siku. Windows 10 hukupa siku 10 baada ya toleo kubwa kuingia kurudi ulikotoka, mradi hujafuta folda inayohifadhi mfumo wa zamani. Watu huifuta ili kupata nafasi, halafu wanajuta. Kama unakusudia kuichunguza mashine, usiiguse folda hiyo kwanza.

Lakini kubaki huko milele kuna hatari yake. Microsoft iliacha kuipa Windows 7 marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020, na huduma ya kawaida ya Windows 10 ikakoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kompyuta ya steshonari hupokea flashi za watu wengi kutwa nzima, na ndani yake zimo nakala za vitambulisho vya NIDA, vyeti na mikataba ya mashamba. Kwa maoni yetu, mashine ya namna hiyo ni ya mwisho kuachwa bila kinga. Rudi nyuma ili kazi ya leo iishe, kisha mtafute mkosaji, usasishe tena.

Unapokwenda kwa fundi, au unapompigia simu mpwa wako aliyeko Dodoma anayejua kompyuta, usianze na "imekuwa nzito". Mwambie ilisasishwa lini, toleo gani kabla na toleo gani sasa. Mwambie ukurasa mtupu unafunguka kwa sekunde ngapi, na faili la kurasa 20 kwa sekunde ngapi. Saa ya simu inatosha kupimia. Mwambie hali salama ilikuwaje, na ni safu ipi iliyofika asilimia 100. Andika hayo kwenye karatasi na uibandike nyuma ya kompyuta pamoja na tarehe, ili likija sasisho jingine uwe na namba za kulinganisha.